Opinel namba 8: kisu cha mfukoni katika mkono uliozeeka

Kisu ninachokitathmini hapa kimekaa mfukoni mwangu kwa miaka 12, na katika muda wote huo hakijawahi kutolewa kwa ajili ya mtu. Kimefungua maboksi, kimekata kamba, kimechonga penseli, kimekwangua gundi kwenye vioo na kupunguza matawi madogo ya bustani. Nalitaja hilo la kutotolewa kwa ajili ya mtu mapema kabisa kwa sababu kisu changu cha kwanza, nilichokinunua nikiwa na umri wa miaka 19, nilikinunua kwa ajili ya watu, yaani kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwakaba wapita njia gizani katika njia niliyoitumia kurudi kutoka kazini. Leo nina miaka 63. Visu hivi viwili vimenifundisha kwamba mnunuzi wa kisu, kabla hajauliza habari za chuma na makali, inampasa ajiulize ni kazi gani anayokusudia kukipa, kwa maana kisu kilekile kinaweza kuwa mtumishi mwaminifu katika kazi moja na kuwa msaliti katika nyingine.

Nianze na kisu chenyewe. Opinel ni jina la ukoo. Joseph Opinel, aliyezaliwa katika familia ya wahunzi kwenye vijiji vya milimani vya Savoie nchini Ufaransa, alianza kuvitengeneza visu hivi mwaka 1890. Mwaka 1897 alivipanga kwa ukubwa, kuanzia namba 1 hadi namba 12, na mpangilio huo ndio unaotumika hadi sasa, isipokuwa namba 1 na namba 11 ambazo ziliondolewa katika miaka ya 1930. Alama ya mkono uliovishwa taji, iliyopigwa ubavuni mwa ubapa, ilianza kutumika mwaka 1909. Namba 8 ndiyo inayojulikana kuliko zote: ubapa wake una urefu wa sentimita 8.5, kikikunjwa hubaki sentimita 11, na uzito wake ni takriban gramu 45, uzito ambao mfuko wa suruali hausikii. Kina vipande vitano tu, navyo ni ubapa, mpini wa mbao, msumari unaovishikanisha viwili hivyo, kikuku cha chuma kisichozunguka, na pete inayozunguka juu ya kikuku hicho. Hakuna springi ndani yake, na hakuna kitufe cha kubonyeza.

Pete hiyo ndiyo iliyonifanya nikichague, na inastahili maelezo marefu kidogo. Ilibuniwa mwaka 1955 na Marcel Opinel, ikaitwa Virobloc. Pete ina mwanya upande mmoja. Mwanya ukikaa sambamba na mfereji wa mpini, ubapa hupita kwa uhuru, na ukiisha kuufungua ubapa wote unaizungusha pete kwa kidole gumba, mwanya unahama, na ubapa unabaki umezuiwa usirudi mfereji­ni hata ukiukandamiza kwa nguvu. Tangu mwaka 2000 pete hiyo imeboreshwa ili iweze pia kukifunga kisu kikiwa kimekunjwa, hivyo hakiwezi kujifungua mfukoni wala mkobani. Ni ufundi mdogo sana ukiutazama, lakini unaondoa hatari kubwa kuliko zote za kisu cha kukunja, nayo ni hatari ya kujikunja juu ya vidole vya mwenyewe. Hatari hiyo naifahamu kwa kovu.

Kisu changu cha kwanza hakikuwa na kizuizi chochote. Kilikuwa kirefu, chembamba, chenye mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya shaba, na mwuzaji alikifungua na kukifunga mbele yangu kwa kasi iliyonivutia. Sitamtaja aliyekitengeneza, na kusema kweli sidhani kama kilikuwa na jina. Mwezi mmoja kabla ya hapo vijana watatu walikuwa wamenizuia njiani usiku, mmoja akanishika shingo kwa nyuma kwa kiwiko, wa pili akanivua saa, na wa tatu akasimama tu akiwa ameingiza mkono mfukoni, na ni huyo wa tatu niliyemwogopa kuliko wote. Saa ilikuwa ya baba yangu. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira iliyochanganyika na aibu, na nikaamua kwamba siku nyingine na mimi nitakuwa na kitu mfukoni. Kuna usemi wa watu wetu kwamba aliyeshika makali hana lake mbele ya aliyeshika mpini, na katika akili yangu ya ujana suala zima lilikuwa hilo tu, nani ameshika mpini.

Nilikibeba kisu hicho kwa miezi saba. Nilibadilika kwa namna ambazo sikuzitambua wakati ule. Nilianza kupita katika vichochoro ambavyo zamani niliviepuka, nilianza kuwatazama watu machoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, na mkono wangu wa kulia ukazoea kukaa mfukoni, nikawa sasa ninafanana na yule kijana wa tatu. Usiku mmoja mtu alinijia kwa haraka kutoka pembeni. Nilikitoa kisu, nikakifungua nusu, mkono ukatetemeka, ubapa ukagonga ukingo wa ukuta na kurudi kwa kishindo juu ya kidole changu cha shahada. Ulikata hadi mfupani. Mtu yule alikuwa amekuja kuniuliza njia, na ndiye aliyenifunga jeraha kwa shati lake na kunisindikiza hadi hospitali. Alipoona kile kisu chini hakusema neno. Kidole kilipona, lakini kiungo cha juu hakikunjiki sawasawa tangu siku hiyo, na kwa kadiri umri unavyosonga kimezidi kukakamaa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa wapo watakaosoma tathmini hii wakitafuta jibu la swali ambalo mimi nilikuwa nalo nikiwa na miaka 19: je, kisu hiki kitanilinda? Nawajibu kwa uwazi kwamba hakitawalinda, na si kwa sababu ya upungufu wowote wa ufundi. Namba 8 hufunguliwa kwa mikono miwili. Kuna kijifuo ubavuni mwa ubapa ambamo unaingiza ukucha na kuvuta, huku mkono wa pili umeshika mpini, kisha unageuza pete. Nimejipima kwa saa, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu bila hofu yoyote, na tangu kuingiza mkono mfukoni hadi pete kujifunga hunichukua sekunde 6, wakati mwingine 8. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye afya ya kawaida aliye umbali wa futi 21, yaani takriban mita 6.4, anaweza kukufikia kwa muda wa sekunde 1.5 hivi. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatosha. Isitoshe, mpini wake wa duara hauna kizuizi cha kuzuia mkono usiteleze kuelekea makali, na madaktari wa uchunguzi wa vifo wanajua vyema kwamba watu wanaochoma wenzao kwa visu vya namna hiyo mara nyingi hujikata mikono yao wenyewe.

Hata kwa kisu kinachofunguka kwa kasi, jibu langu lingekuwa lilelile. Mtu anayetoa kisu ili atishe huwa anaamini kwamba ataamua mwenyewe mambo yaishie wapi, na imani hiyo haina msingi. Katika miaka ya 1970 Bernard Knight, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti wa Wales, alipima nguvu inayohitajika kwa kisu kupenya mwilini, akaonyesha kwamba jambo la kwanza ni ukali wa ncha, na kwamba ncha ikiisha kuipenya ngozi, sehemu iliyobaki ya ubapa huingia karibu bila kuhitaji nguvu ya ziada. Maana yake ni kwamba hakuna kuchoma kidogo. Wapo vijana wanaoamini kwamba kumchoma mtu pajani ni onyo tu, ilhali ndani ya paja umepita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika mtu anaweza kumaliza damu yake katika dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Nilipoyasoma hayo, nikiwa tayari na watoto, nilimkumbuka yule mtu aliyetaka kuulizia njia, na nilikaa muda mrefu bila kufungua ukurasa wa pili. Lau kile kisu kibovu kingekuwa kizuri, maisha yangu na yake yangekuwa mengine kabisa.

Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba zamani vijana walipigana kwa ngumi, wakaangushana, wakapeana mikono, na kwamba visu ni balaa la siku hizi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi sana, na kila mara hunibidi niulize: mimi nilikuwa na kisu, na yule wa tatu alikuwa na kitu mfukoni, je, sisi hatukuwa vijana wa zamani? Na tukirudi nyuma zaidi mambo hayawi bora. Mtafiti Manuel Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizichambua kumbukumbu za uchunguzi wa vifo za London za miongo minne ya kwanza ya karne ya 14, wakapata mauaji 142, na zaidi ya nusu yalitendwa kwa visu na panga fupi. Siku yenye mauaji mengi ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko, na chanzo kilikuwa mara nyingi ugomvi mdogo kati ya wanaume ambao kila mmoja alikuwa na kisu kiunoni kwa kuwa ndicho kifaa chake cha kila siku. Eisner ameonyesha pia kwamba katika Ulaya ya magharibi kiwango cha mauaji kimeshuka mno tangu Zama za Kati, kutoka makumi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi karibu na 1. Kwa hiyo kisu hakikuzaliwa jana, na vijana wa leo hawakukibuni.

Lililobadilika sana kati ya zamani yangu na sasa yangu ni mimi mwenyewe. Tangu mwaka 1831, Mbelgiji Adolphe Quetelet alipochambua takwimu za mahakama za Ufaransa, imejulikana kwamba mwelekeo wa kutenda uhalifu hupanda katika ujana, hufikia kilele kabla au karibu na umri wa miaka 25, kisha hushuka kadiri mtu anavyokua. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani wa elimu ya uhalifu, Travis Hirschi na Michael Gottfredson, walitoa hoja kwamba umbo hilo hujirudia mahali pengi na nyakati nyingi. Robert Sampson na John Laub nao waliendeleza utafiti wa wavulana 500 wa Boston waliokuwa wamepelekwa katika shule za kurekebisha tabia, wakawafuatilia hadi wengine wakafikia umri wa miaka 70, na wakaona kwamba karibu wote hatimaye waliacha, wengi wao wakiwa wamepata kazi ya kudumu, ndoa, au mahali papya pa kuishi. Huwawazia wale watatu walioniibia saa ya baba. Kama wako hai, na wao sasa wanahesabu miaka kama yangu, magoti yanawauma wakipanda ngazi, na huenda wakiwa njiani usiku hugeuka nyuma wanaposikia hatua, kama ninavyofanya mimi.

Kwa maana uzee umeniletea hofu ambayo haiendi sawa na hatari. Wanaochunguza habari hizi wamelijua jambo hili kwa muda mrefu: katika ukatili wa mitaani, wanaojeruhiwa zaidi ni wanaume vijana, walewale wanaoongoza kwa kujeruhi, ilhali wazee, ambao huguswa mara chache zaidi, ndio wanaoeleza hofu kubwa. Sioni kwamba hofu hiyo ni upumbavu. Mfupa wa mtu wa miaka 63 ukivunjika kwa kusukumwa haurudi kama wa kijana wa 19, na mtu anayejua hawezi tena kukimbia huupima usiku kwa kipimo kingine. Lakini nimeona hofu hiyo ikiwapeleka wenzangu dukani kutafuta kisu kikubwa, na hapo ndipo ninapotamani kuwashika mkono. Ikiwa nikiwa na nguvu zote za ujana kisu kilinikata mwenyewe, basi kwa mikono hii inayotetemeka kitafanya nini zaidi ya kumwekea kijana mwenye nguvu silaha ya pili mkononi?

Kinachopunguza visu mitaani si kisu kingine. Mfano ninaoupenda ni wa Glasgow, ambako mwaka 2005 polisi wa Strathclyde, eneo la Scotland lenye mji huo, waliunda kitengo maalumu cha kupunguza ukatili, kikaongozwa na Karyn McCluskey na John Carnochan, na mwaka uliofuata kikapewa jukumu la Scotland nzima. Waliuchukulia ukatili kama ugonjwa unaoambukizwa na unaoweza kukingwa: walikaa na vijana wa magenge na kuwapa njia ya kutokea, wakiwaeleza pia kwamba sheria itawaandama wote mmoja wao akiua, na waliwatumia wauguzi, madaktari wa meno na hata madaktari wa wanyama kutambua dalili za ukatili majumbani. Tangu wakati huo idadi ya mauaji Scotland imepungua kwa zaidi ya nusu. Najua sababu za kupungua huko ni nyingi, na kwamba hata vijana wa nchi nyingine wamepungukiwa na ukatili katika miaka hiyohiyo. Hata hivyo kazi ile inanigusa kwa jambo moja: ilianza kwa kumwuliza kijana anaogopa nini. Nikiwa na miaka 19 hakuna aliyeniuliza.

Nirudi kwenye kisu, kwa kuwa mnunuzi anahitaji kujua kama kitamfaa mkononi. Kwa vidole vilivyokakamaa, kijifuo cha ukucha ndicho kikwazo. Kidole changu chenye kovu hakiwezi kukitumia, nami hutumia kidole gumba cha mkono wa kushoto, jambo lililonichukua majuma mawili kulizoea. Wapo wanaotumia mbinu ya watu wa Savoie: pete ikiwa imefunguliwa, unakishika kisu kikiwa kimekunjwa na kugonga kisigino cha mpini kwenye meza, na ubapa huchomoza kidogo, kiasi cha kukuwezesha kuushika kwa pande zake bila kutumia ukucha. Mbinu hii imenifaa sana asubuhi za baridi. Mwenye baridi yabisi kali zaidi yangu namshauri aangalie namba 9 au namba 10, kwa kuwa kadiri namba inavyopanda ndivyo mpini unavyonenepa, na mpini mnene huhitaji nguvu ndogo ya kuushika. Ubapa nao unarefuka, na hilo lina matokeo ya kisheria ambayo nitayaeleza punde.

Zipo aina mbili za chuma. Ya kwanza ni chuma chenye kaboni nyingi, takriban asilimia 0.9, ambacho hunoleka haraka na kupata makali laini sana, lakini hushika kutu kikiachwa na unyevu na hubadilika rangi kuwa ya kijivu. Ya pili ni chuma kisichoshika kutu, kinachohitaji subira zaidi kwenye jiwe la kunolea lakini husamehe uzembe. Nilianza na ya kwanza, na sasa natumia ya pili, kwa sababu moja ambayo kijana hataielewa: nasahau. Ujana wangu ulikuwa na nafasi ya kufuta ubapa na kuupaka mafuta kila jioni, na uzee wangu una nafasi hiyo pia, ila kumbukumbu haipo. Mpini wa mbao una tabia yake ya kujulikana na kila mwenye kisu hiki: hunyonya unyevu, huvimba, na ubapa ukawa mzito kufunguka mpaka mbao ikauke. Dawa yake ni kuuweka mahali pakavu kwa siku moja au mbili na kuupaka mafuta ya kitani kabla ya majira ya mvua. Kisu kisitumbukizwe majini wala kisiachwe kwenye beseni.

Kukinoa ni raha. Ubapa ni mwembamba, kwa hiyo jiwe dogo la maji linatosha, ukilaza ubapa kwa pembe ya takriban digrii 20 kila upande na kusukuma polepole bila kukandamiza. Mikono yangu hutetemeka kidogo, lakini katika kunoa hutulia, na dakika kumi hizo za jioni nazipenda kuliko nyingi za siku yangu. Nasisitiza jambo hili kwa wazee wenzangu, ambao wengi huacha kisu kiwe butu wakidhani ni salama zaidi. Kisu butu hukulazimisha kutumia nguvu, nguvu huleta kuteleza, na kuteleza ndiko kunakojeruhi.

Sasa sheria. Kila nchi ina yake, na mnunuzi aisome ya kwake kabla hajakitia mfukoni. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja tu chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye kizuizi cha kufungia hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Namba 8 kinakosa sifa zote mbili, kwa hiyo huko mtu awe na sababu ya msingi, kama vile kazi yake, na kuogopa mitaa kwa jumla si sababu inayokubaliwa. Ujerumani, kwa upande wake, iliwekea mipaka tangu mwaka 2008 visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga. Kuhusu safari za ndege, watu wa umri wangu wanakumbuka kwamba nchini Marekani abiria aliweza kupanda na kisu chenye ubapa usiofika inchi 4 hadi Septemba 2001, na tangu hapo visu vyote vya makali vimekwenda kwenye mizigo inayokaa chini. Mimi mwenyewe nimechagua kanuni kali kuliko sheria yoyote: nikienda kwenye kazi, bustani au matembezi ya mchana, kisu ninacho, nikitoka jua likishazama, kinabaki kwenye droo. Watu huniuliza kama sioni kwamba nimefanya kinyume. Nimefanya kama kidole changu kilivyonifundisha, na nikitoka usiku nachukua simu yenye chaji, naongozana na mtu, na nafuata njia yenye taa hata ikiwa ndefu.

Nakisifu kisu hiki, basi, kwa moyo wote, kwa mtu anayetaka kifaa. Kwa pesa kidogo unapata chuma kizuri, mpini unaokaa mkononi kama umechongwa kwa kipimo chako, kizuizi ambacho hakijawahi kuniangusha, na umbo ambalo halimtishi anayekuona ukikitumia. Hilo la mwisho nalithamini zaidi kila mwaka. Anayetafuta kisu cha kufunguliwa kwa mkono mmoja juu ya ngazi atafute kingine. Anayetafuta ushujaa, namsihi arudishe pesa zake mfukoni.

Lipo toleo moja zaidi ambalo nimelinunua mwaka huu, namba 7 iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza, ambayo ncha yake imeviringwa. Wazo la kuondoa ncha ni la kale. Inasimuliwa katika historia ya vyombo vya mezani kwamba mwaka 1669 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru ncha za visu ziviringwe ili kupunguza kuchomana, na mwaka 2005 madaktari watatu wa dharura wa London waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza wakihoji haja ya visu virefu vya jikoni kuwa na ncha kali, kwa kuwa visu vya jikoni ndivyo vilivyo karibu zaidi na mkono wenye hasira. Nimetumia namba 7 kwa mwezi mzima kabla ya kuitoa, na sikukosa ncha ila katika kutoboa plastiki ngumu ya vifungashio. Makali yake ni makali kweli, wala si kifaa cha kuchezea.

Nilimnunulia mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 9. Alikaa karibu nami, akakifungua kwa ukucha wake mdogo pasipo taabu, jambo lililonifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja, kisha nikamwonyesha pete. Aliizungusha, akaujaribu ubapa kwa kuusukuma kama nilivyomwambia, akaona haurudi. Akauliza kovu la kidole changu lilitoka wapi. Nilimweleza lote, saa ya babu yake mkubwa, wale watatu, kichochoro, na mtu aliyekuwa akiulizia njia. Alinyamaza kidogo, akaifungua pete, akakikunja kisu, akaizungusha pete tena mpaka ikafunga, halafu akanipa mimi nimtunzie mpaka kesho.